Mbio, Mafuta na Safari: Uhakiki wa Uchaguzi wa Gari Dogo la Dizeli kwa Jicho la Chula

Chula ni kisiwa cha Wabajuni, kimoja katika mlolongo wa visiwa vilivyojipanga kando ya pwani ya kusini ya Somalia, kati ya Kismayo na Ras Kamboni. Majirani zake ni Chovai na Koyama. Si mahali pa magari. Mtu wa Chula akisema "chombo" hamaanishi kitu chenye magurudumu manne, bali dau, mashua au ngarawa. Huenda basi msomaji akajiuliza kisiwa hicho kina nini cha kutufundisha juu ya gari dogo la dizeli lenye mlango wa nyuma unaoinuka, gari ambalo vijana wa Mombasa na Malindi wanalitamani siku hizi.

Jibu la kwanza ni la historia. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia visiwa vyao wakashuka kusini, wakaingia Kenya. Watoto na wajukuu wao leo wanaishi mijini, wanafanya kazi za mjini, na wananunua magari kama watu wengine. Fedha za kununulia gari hilo mara nyingi si za mtu mmoja. Ndani yake mna akiba ya mama, mchango wa shangazi na kidogo alichotuma mjomba aliye ng'ambo. Gari likinunuliwa vibaya, hasara haiishii kwa dereva.

Jibu la pili ni la fikra, nalo ndilo hoja ya insha hii. Swali la mbio na mafuta halikuletwa na gari. Baharini limekuwapo tangu zamani: chombo kipi kinakwenda upesi, na upesi huo unagharimu nini? Nadai kwamba mabaharia wa visiwani huliuliza swali hilo vizuri kuliko wauzaji wa magari wanavyolijibu, na kwamba anayetaka kuchagua gari dogo la dizeli afanye kwanza hesabu ya nahodha kabla ya kusoma tangazo.

Tuanze na tangazo lenyewe, maana hilo ndilo matini tunayoihakiki. Tangazo la gari dogo la dizeli lina fani yake. Hutaja nguvu za farasi upande mmoja na kilomita kwa lita upande wa pili, kisha huviweka pamoja kana kwamba dereva atavipata vyote kwa wakati mmoja. Mbinu hii ni ya zamani katika sanaa ya maneno: vitu viwili vinavyopingana vikiwekwa ubavu kwa ubavu, msikilizaji huona vimepatana. Lakini gari halitoi nguvu zake zote na uchumi wake wote katika dakika moja. Farasi wale hutoka pale mguu unapokandamiza. Kilomita zile hupatikana pale mguu unapoinuliwa. Tangazo limemweleza mnunuzi madereva wawili tofauti na kumwachia aamini kwamba wote wawili ni yeye.

Historia ya magari haya inaonyesha kwamba hata watengenezaji walijua wanavuta kamba pande mbili. Mwaka 1976 Volkswagen ilitia injini ya dizeli ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 50 katika Golf, gari dogo la familia. Lilikuwa taratibu, na halikuona haya kuwa taratibu. Mwaka 1982 ikaja Golf GTD, dizeli yenye turbo na nguvu za farasi 70, kwa wale waliochoka kupitwa. Kisha mwaka 1999 kampuni hiyo hiyo ikatoa Lupo 3L, iliyokusudiwa kutumia lita 3 tu kwa kilomita 100. Ili kufika hapo walipunguza uzito hadi kilo 830 hivi, wakachonga umbo lipasue upepo, wakatia injini ya silinda tatu ya lita 1.2. Bei ya uchumi huo ililipwa kwa mbio: gari lilihitaji sekunde 14 na zaidi kufika kilomita 100 kwa saa. Lupo ilikuwa na unyofu fulani. Ilisema wazi imechagua nini na imeacha nini.

Unyofu huo haukudumu. Septemba 2015 ilidhihirika kwamba Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu ya kutambua kwamba gari linapimwa, ili moshi uwe safi maabara na mchafu barabarani. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Mhakiki hapaswi kuishia kulaumu kampuni moja. Funzo ni pana zaidi: ukiwaahidi watu mbio, uchumi na usafi kwa bei ndogo, kuna mahali lazima hesabu ikatae, na anayeogopa kusema mahali hapo atalazimika kupaficha.

Gari linalotajwa sana huku kwetu kwa sasa ni Mazda Demio ya dizeli, ya kizazi kilichoanza Japani mwaka 2014. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, hivyo magari haya yalishuka bandarini Mombasa kwa bei ambayo familia ya kawaida iliweza kuifikiria. Injini yake ni ya lita 1.5, ina turbo, na hutoa nguvu za farasi 105. Kitabu cha Japani kiliandika kilomita 30 kwa lita kwa gari la gia za mkono, na 26.4 kwa lile la gia za kujiendesha. Ni namba za kuvutia. Lakini zilitoka katika kipimo cha maabara ambacho mwendo wake wa wastani ni kilomita 24 hivi kwa saa, na ambacho hakizidi sana kilomita 80 hata kwa nukta moja. Hakikuwa na mlima wa Mazeras, wala mchanga, wala abiria wanne na gunia la mchele nyuma. Namba si uongo. Ni kweli ya safari nyingine.

Hata kipimo chenyewe cha kilomita kwa lita kinapotosha. Gari la kilomita 10 kwa lita likibadilishwa kwa la kilomita 15, katika kila kilomita 100 mwenye gari ameokoa lita 3.3. Gari la kilomita 20 kwa lita likibadilishwa kwa la 25, ameokoa lita 1 tu. Ongezeko ni lile lile, kilomita tano, lakini akiba ya kwanza ni zaidi ya mara tatu ya ile ya pili. Kadiri gari linavyozidi kuwa dogo na la uchumi, ndivyo kila kilomita ya ziada inayosifiwa inavyozidi kupungua thamani mfukoni. Ndiyo maana uchumi wa magari madogo unastahili kuhesabiwa kwa lita katika safari yako, si kwa kilomita katika lita ya muuzaji.

Hapo ndipo Chula inapoingia. Nahodha haulizi chombo kinakwenda maili ngapi kwa lita. Anauliza: toka hapa hadi Kismayo na kurudi, madumu mangapi? Kipimo chake ni safari nzima, pamoja na shehena yake, upepo wake na mkondo wake. Kusi likivuma, linamsukuma kaskazini kuelekea Kismayo, na tanga linafanya kazi ambayo mashine ingeilipia. Kaskazi likishika, ni lile lile tanga linalomrudisha nyumbani. Lakini akienda kinyume cha upepo, dumu lile lile halimfikishi. Kwa hiyo akiambiwa mashine fulani "haili mafuta", atauliza: katika upepo gani, na ikiwa imebeba nini? Sisi tunaonunua magari huwa hatuulizi.

Bahari pia inafundisha bei ya mbio bila kuficha. Chombo kinachokwenda kwa kupasua maji, si kwa kuruka juu yake, hutakiwa nguvu zinazoongezeka haraka sana kuliko mwendo. Tuseme safari ni ya maili 35 za baharini. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa itachukua saa 7; kwa maili 7 kwa saa itachukua saa 5. Ameokoa saa mbili. Lakini nguvu inayotakiwa ni karibu mara tatu, na mafuta ya safari nzima ni karibu mara mbili. Tena kila chombo kina kikomo chake kinachotokana na urefu: chenye mita 9 majini hugota kwenye maili 7 na kitu kwa saa. Ukifunga mashine kubwa zaidi, chombo kinainua omo, kinazamisha tezi na kuchimba maji. Kelele zinaongezeka, dumu linakauka, lakini ufuo hausogei karibu.

Gari nalo lina sheria kama hiyo, ila upepo hauonekani kama maji. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa ni dakika 90. Kwa kilomita 100 ni dakika 72. Dakika 18 zimeokolewa. Lakini kani ya upepo unaozuia gari imepanda kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa hukua kwa mraba wa mwendo. Dizeli, turbo wala jina la kampuni haliwezi kuifuta hesabu hiyo. Anayeendesha kwa fujo gari la uchumi anaweza kutumia mafuta kuliko anayeendesha kwa utulivu gari lisilosifiwa. Mguu ni sehemu ya injini, ingawa haumo katika tangazo.

Kisha kuna jambo ambalo kila mtoto wa kisiwani analijua: ukifika mlangoni kabla ya maji kujaa, unangoja. Mbio ulizonunua kwa petroli unazimalizia nangani ukitazama mwamba. Nahodha mwenye akili huondoka kwa saa ya maji, na huenda kwa mwendo utakaomfikisha maji yanapojaa. Dereva wa Mombasa ana milango yake pia: foleni ya Mtwapa, na kivuko cha Likoni. Dakika 18 alizozipigania toka Malindi anazikabidhi zote kwenye mstari wa magari, pamoja na aliyempita kwa honi huko Kilifi. Mbio zina thamani pale tu ambapo hakuna mlango uliofungwa mbele yake.

Nisieleweke kwamba nazitukana mbio. Methali ya haraka haraka haina baraka imetumiwa mno kuwanyamazisha watu wenye haraka ya haki. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akiwa kisiwani, na hospitali iko Kismayo, hahitaji kuambiwa polepole ndio mwendo. Samaki asiye na barafu hasubiri. Kusi la Juni na Julai likichafuka, mashine yenye nguvu ya akiba ndiyo tofauti kati ya kuingia bandarini na kupotea. Barabarani ni vivyo hivyo. Anayelipita lori la makontena katika barabara ya Nairobi anahitaji nguvu ya haraka kwa sekunde chache, na gari lisilo nazo linamweka mbele ya basi linalokuja. Nguvu ya namna hiyo tuiite nguvu ya dharura, tuitenganishe na mbio za sifa.

Katika hili dizeli ndogo inastahili sifa ya kweli. Demio ya petroli ya lita 1.3 ina torki ya 121. Ile ya dizeli yenye gia za kujiendesha ina 250, nayo huipata injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Maana yake ni kwamba gari lililojaa watu linapanda mlima bila kulia, na linapita lori bila kungoja. Tena injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa kubana hewa hadi ipate moto, haihitaji cheche, wala haikabi hewa inayoingia inapokwenda kwa mguu mwepesi. Ndiyo sababu inabana mafuta. Lakini haki isemwe: lita ya dizeli ni nzito na ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 au zaidi, hivyo sehemu ya ushindi wa dizeli hutokana na lita yenyewe, si na injini.

Sasa tuje kwenye tabia ya dizeli mpya, ambayo tangazo huipitia kimya. Magari haya yana chujio la masizi katika njia ya moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na moto wa kuyachoma hupatikana gari likienda safari ya kutosha kwa mwendo usiokatika. Mtu anayetoka Tudor kwenda Marikiti na kurudi, kilomita tatu kwa tatu, hamalizi kamwe kazi hiyo. Masizi yanajaa, taa inawaka, na gari linapoteza mbio na uchumi kwa pamoja. Hiki ndicho kinaya kikubwa cha gari hili: limenunuliwa kwa ajili ya kubana mafuta mjini, na mjini ndiko linakougua.

Mafuta yenyewe nayo ni suala. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na hilo ndilo lililofanya injini hizi ziweze kuishi huku. Lakini kulikuwa na mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, hata serikali ya Kenya mwaka 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja faida ya wachanganyaji. Injini kongwe ya lori inaweza kuvumilia uchafu mwingi. Nozeli za dizeli mpya, zenye matundu membamba sana, hazivumilii. Na mtu akitaka kulipeleka gari kama hilo Kismayo, ambako hana hakika ya dumu lililotoka wapi, anapeleka mgonjwa mtarajiwa.

Wavuvi hili wanalijua kwa mashine zao. Anayefunga mashine ya petroli ya kupachika nyuma anajua inakunywa, lakini ni nyepesi, inainuliwa kwa mikono chombo kikipanda mchangani, na fundi wa ufuoni anaifungua kwa spana chache. Anayefunga injini ya dizeli ndani ya chombo anapata uchumi na uvumilivu, lakini anabeba uzito wake kila siku, hata siku ya tanga. Uamuzi wake haufuati sifa ya mashine peke yake. Unafuata chombo, ufuo, fundi na kazi. Dizeli inamfaa mwenye safari ndefu, mzigo mzito na mwendo mmoja. Petroli inamfaa mwenye safari fupi za kuanza na kusimama. Hukumu hiyo ya ufuoni nimeipima kwa magari na naiona inasimama bila kubadilishwa neno.

Kwa hiyo anayesimama leo katika yadi ya magari Mombasa na afanye hesabu hii. Tuseme gari la petroli litampa kilomita 16 kwa lita katika njia zake, na la dizeli 20. Tofauti ni lita 1.25 katika kila kilomita 100. Akiwa mtu wa kazini na nyumbani, kilomita 10,000 kwa mwaka, ataokoa lita 125. Akiwa anapeleka samaki toka Lamu na Malindi, kilomita 40,000 kwa mwaka, ataokoa lita 500. Kisha aende duka la vipuri aulize bei ya nozeli moja, na aulize fundi bei ya kusafisha chujio la masizi. Agawanye bei hizo kwa bei ya lita moja. Jibu ni idadi ya lita ambazo lazima aziokoe kabla ya kudai amefaidika. Kwa msafirishaji wa samaki, dizeli itashinda, na ile nguvu ya kupanda mlima itakuwa faida juu ya faida. Kwa wa kazini na nyumbani, gari la petroli dogo na la kawaida ndilo la uchumi, hata kama kitabu kinasema vingine.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu anayejificha nyuma ya zana. Lakini naona ina pengo: ilitungwa kwa jembe, zana ambayo kosa lake hulipwa kwa jasho la mwenye kuishika. Gari na chombo ni zana za aina nyingine, ambazo kosa lake hulipwa na abiria, na mama aliyetoa akiba yake, na mvuvi ambaye dumu limemwishia kati ya Chula na Kismayo. Kwa zana za namna hiyo, anayechagua ndiye mkulima, mradi achague kwa kulitazama shamba lake na si kwa kulitazama jembe.